Ampu ya besi inavuma, inakwaruza na inatetema: mafundi wa Mombasa naomba msaada

BesiLikoni (Alhamisi usiku)

Asalaam aleikum jamani, na wengine nyote hamjambo.

Mimi ni mpiga besi wa bango. Bendi yetu ni ndogo, tunapiga harusi, na mwisho wa wiki tukijaliwa tunapata hoteli za Bamburi na Nyali. Ampu yangu ni ya transista, wati 100, spika moja ya inchi 15. Niliinunua mkononi mwa mtu miaka minne iliyopita na haijawahi kunisumbua. Gita ni la nyuzi nne, pikapu mbili (vile visikio vya sumaku chini ya nyuzi) za koili moja moja. Tangu masika yaishe nina kelele iliyonishinda.

Nikiunganisha gita tu inavuma, vuuuum, haipumziki. Halafu katikati ya wimbo inakwaruza, krr krr, sauti inafifia mpaka nusu, kisha inarudi yenyewe kwa kishindo na waimbaji wote wanageuka kunitazama. Tena nikishuka chini kuna noti moja mbili zinaleta mtetemo kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo.

Nimenunua waya mpya, pesa imeenda bure. Fundi wa kwanza alikaa na ampu wiki mbili, akanirudishia akisema ubao wa ndani umeungua, nitafute ampu nyingine. Wa pili hata hakuifungua. Alinambia nikate ule mguu mrefu wa plagi na mvumo utakwisha. Sijaukata. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, Kisauni. Mwenye ujuzi anishike mkono.

Kinanda_Kisauni

Pole ndugu. Tafuta pedali ya kuziba kelele, unaiweka kati ya gita na ampu. Mpiga gita wetu anayo na mvumo wake hausikiki tena.

Fundi_Tudor

Mwanangu BesiLikoni, umefanya vizuri kutokata huo mguu. Usiukate leo wala kesho. Sababu yake namwachia mwenzangu wa stima, najua yumo humu.

Ndugu Kinanda, pedali hiyo inafunga mlango mtu akinyamaza. Akipiga noti mlango unafunguka na kelele inaingia pamoja na noti. Na noti ndefu ya besi ikianza kufifia, mlango unaikata mkia. Kwanza tutafute kelele inatoka wapi.

Kwa ulivyoeleza, mwanangu, wewe huna kelele moja. Unazo tatu, na kila moja ina kwake. Mvumo usiopumzika ni mambo ya umeme na ardhi. Mkwaruzo unaokuja na kuondoka ni mahali ambapo chuma kinagusana na chuma vibaya. Mtetemo unaochagua noti ni kitu kilicholegea. Ukizichanganya ukazitafutia dawa moja, utanunua ampu mpya na mbili kati ya hizo zitakusubiri nyumbani.

Anza na mvumo. Washa ampu, chomoa waya upande wa ampu, siyo upande wa gita. Ukichomoa upande wa gita ukaacha waya unaning'inia, waya wenyewe unageuka eriali na utavuma hata kwenye ampu iliyotoka dukani leo. Wengi hudanganyika hapo. Tundu la kuingizia la ampu nyingi likiwa tupu hujifunga lenyewe kwenye ardhi, ndiyo maana nasema chomoa upande huo. Kukiwa kimya, ampu haina kosa la mvumo. Kosa liko mbele yake: waya, gita au nyumba. Ikiendelea kuvuma, shusha volumu mpaka sifuri. Mvumo ukishuka pamoja na volumu, umeingilia mwanzoni mwa ampu. Ukibaki vile vile, kana kwamba volumu haiuhusu, basi uko kwenye sehemu inayopokea umeme, na mara nyingi ni zile kapasita kubwa za kuchuja, vikopo vinavyohifadhi umeme na kuulainisha.

Halafu tumia sikio lako, kwani mpiga besi una kipimo mkononi. Stima yetu ni hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Uzi wa E, freti ya tatu, ile G ya chini, ni hezi 49. Uzi wa G ukiwa wazi ni hezi 98. Mvumo ulio juu kidogo tu ya G ya chini ni wa hezi 50, na mara nyingi umeingia kutoka nje. Mvumo ulio juu kidogo ya uzi wa G wazi, wenye makali ya msumeno, ni wa hezi 100. Umeme ukipita kwenye dayodi, vile vipande vinavyoupitisha upande mmoja tu, mawimbi yake huwa maradufu. Kapasita nzima huyalaza, iliyokauka inayaacha yapite. Si kipimo cha kutegemea peke yake, kwa kuwa mvumo mmoja unaweza kubeba yote mawili, lakini kinakuonyesha uanzie wapi. Video za Marekani zinataja 60 na 120 kwa sababu umeme wao ni wa hezi 60. Visikuchanganye.

Jaribu, kisha utwambie.

BangoMtwapa

Ami Fundi, nimesoma nikaenda moja kwa moja kwenye ampu yangu. Yangu inavuma juu kidogo ya uzi wa G wazi, na volumu ikiwa sifuri inavuma vile vile. Ni ya zamani sana, niliachiwa na mjomba. Naweza kuifungua nitazame?

Fundi_Tudor

Kwanza niambie, ni ya transista au ya taa? Ukichungulia nyuma ukaona vioo vinavyowaka wekundu, ni ya taa. Hiyo usiifungue, mwanangu. Kapasita zake hubeba volti mia kadhaa na huzishika hata baada ya kuchomoa plagi. Nimeona bisibisi ikayeyuka ncha. Hata ya transista nzito haifai kuchezewa na asiyejua kuzitoa chaji.

BangoMtwapa

Transista. Haina taa.

Fundi_Tudor

Basi mpelekee fundi unayemwamini na umwambie maneno haya haya: mvumo wa hezi 100, volumu haiugusi. Usimwambie tu "ampu ina kelele". Akibadilisha kapasita, volti zilizoandikwa kwenye mpya zisipungue za ile ya zamani. Na zibadilishwe zote kubwa kwa pamoja, zimezeeka pamoja.

StimaGanjoni

Nimeitwa, nimekuja. Mimi ni fundi wa nyaya za nyumba. Muziki sijui, lakini huu mguu wa plagi naujua.

Plagi yetu ya miguu mitatu ina kazi kwa kila mguu. Mrefu ni wa ardhi, ule mafundi wanauita ethi. Umefanywa mrefu kwa makusudi, uingie wa kwanza na utoke wa mwisho, na ndio unaofungua vifuniko vya yale matundu mawili ya chini. Ndiyo maana mtu mwenye plagi ya miguu miwili huchomeka kalamu juu ili plagi iingie. Kalamu inafungua vifuniko, haileti ardhi.

Kwenye ampu, mguu huo umefungwa kwenye bodi ya chuma. Bodi ya chuma imeungana na wavu wa waya wa gita. Wavu umeungana na daraja la gita, na daraja limeshika nyuzi unazozipiga. Siku waya wa moto ukigusa bodi, umeme unakimbilia ardhini kwa njia hiyo, fyuzi inakatika, wewe unashangaa tu kwa nini ampu imezimika. Ukiwa umekata mguu, njia iliyobaki ni nyuzi, vidole, mwili wako na maikrofoni iliyo mbele ya mdomo. Volti 240. Na fyuzi haitakatika, kwa sababu fyuzi hulinda waya, haimlindi mtu. Kinachoua mwili ni kidogo sana kuliko ampea 13 za fyuzi ya plagi.

Mwaka 1972 mpiga gita Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, aliposhika maikrofoni kwenye vyombo ambavyo ardhi yake haikuwa sawa. Anayekwambia kata mguu anakuondolea mvumo kwa bei hiyo.

BesiLikoni (Ijumaa, baada ya Ijumaa)

Shukran sana ami Fundi, na wewe StimaGanjoni. Nimefanya kama mlivyosema.

Nimechomoa waya upande wa ampu: kimya. Kuna shhh ndogo tu ya mbali kama upepo kwenye minazi. Nimeurudisha na gita likiwa mwisho wake: vuuuum, na ni ile G ya chini, juu kidogo. Kwa hiyo ubao wa ndani haukuungua! Nimefurahi hadi mama akauliza kuna nini.

Ila nimeona jambo jingine. Nikigusa nyuzi mvumo unapungua, lakini nilikuwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji na vidole vikawa vinasisimka, kama vinatambaliwa na siafu. Nilidhani ni kawaida ya gita za umeme. Ni kawaida?

StimaGanjoni

Si kawaida. Zima ampu sasa hivi usilishike hilo gita mpaka tumalize. Ule mvumo umepungua kwa sababu wewe mwenyewe umekuwa waya wa ardhi. Umechomeka wapi, ukutani au kwenye ekstensheni?

BesiLikoni

Ekstensheni. Ya matundu manne, plagi yake ina miguu mitatu kamili. Hata matundu yake ni ya mitatu.

StimaGanjoni

Ichomoe ukutani kabisa, ifungue plagi yake, tazama ndani kuna nyaya ngapi.

BesiLikoni

Wallahi ni mbili. Kahawia na bluu. Pale kwenye mguu mrefu pana skrubu tupu, haijawahi kukazwa kitu.

StimaGanjoni

Huo ndio ugonjwa. Kwa macho ina ardhi, ndani haina. Zimejaa madukani, na watu huendeshea friji na pasi. Tupa. Nunua waya wa nyuzi tatu, kahawia, bluu na kijani chenye mstari wa manjano, ufungiwe vizuri. Kisha pima soketi ya ukutani. Kuna kipimo kidogo kama plagi, chenye taa tatu, unakichomeka tu kinakwambia kama ardhi ipo na kama nyaya hazikugeuzwa. Ukikosa, muite fundi. Na kama bodi ya nyumba haina ile swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30, muulize mwenye nyumba. Hiyo ndiyo inayomlinda mtu.

BesiNyeupe_Changamwe

Kaka BesiLikoni, alhamdulillahi umeuliza. Mimi napiga besi kwaya ya kanisani na kwa mwaka mzima nilikuwa nasisimkwa midomo kila nikikaribia maikrofoni. Nilifikiri ni baridi ya mashine ya hewa. Nimekwenda leo kutazama ekstensheni yetu: nyaya mbili. Nimemwonyesha mzee wa kanisa na ameshaagiza ibadilishwe.

BesiLikoni (Jumapili)

Ekstensheni mpya imefungwa, soketi imepimwa, ardhi ipo. Siafu wamekwisha. Mvumo umepungua sana, ila haujaisha. Umebaki kama robo. Na kioja chake ni hiki: nikigeuka na gita, mvumo unabadilika. Nikiuelekea mlango ni mkubwa, nikielekea kabati unakaribia kupotea.

Fundi_Tudor

Sasa tumefika kwenye gita. Huo unaofuata mgeuko wako ni wa pikapu. Koili moja ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku. Koili inasikia nyuzi, na inasikia kila transfoma na taa iliyo karibu. Una nini upande wa mlango?

BesiLikoni

Feni ya kusimama, yenye kirekebisha mwendo. Na juu yake bomba la taa.

Fundi_Tudor

Zima vyote viwili, kisha fungua volumu za pikapu zote mbili mpaka mwisho, sawa kwa sawa. Usiache moja kwenye saba.

BesiLikoni

Ami! Kimya! Nikishusha moja kidogo mvumo unarudi, nikiirudisha mwisho unakwenda. Miaka minne nimekuwa nikipiga na ya mbele imeshuka.

Fundi_Tudor

Pikapu hizo mbili, kama gita limetengenezwa sawa, zimezungushwa kinyume na sumaku zake ni kinyume. Mvumo unaingia kwa moja ukipanda na kwa nyingine ukishuka, zikikutana sawa zinauana. Sauti ya nyuzi yenyewe haifi. Ukishusha moja, mizani inavunjika.

Kwa wenye besi za aina nyingine, besi ya Fender iitwayo Precision ilipotoka mwaka 1951 ilikuwa na koili moja. Mwaka 1957 ikapewa pikapu iliyokatwa vipande viwili, kila kimoja kwa nyuzi mbili, na hiyo inaua mvumo yenyewe bila kujali volumu. Jazz Bass yao yenye pikapu mbili, kama lako, ilikuja 1960. Kwa hiyo mwenye Precision ya pikapu hiyo iliyokatwa akisikia mvumo wa aina hii, atazame kwingine.

Kinanda_Kisauni

Na ile karatasi ya shaba watu wanayobandika ndani ya gita? Si ndiyo dawa?

Fundi_Tudor

Ni dawa ya nusu, ndugu yangu, na wauzaji hawaelezi nusu hiyo. Shaba iliyoungwa kwenye ardhi inazuia ule mlio mkali wa bzzzz unaotoka kwenye taa za kupunguza mwanga, chaja za bei nafuu na mabomba ya taa. Ukigusa nyuzi ukapungua, shaba itasaidia. Mvumo mzito wa sumaku ya transfoma unapita kwenye shaba kama haipo. Huo unauliwa na koili pinzani au kwa kusogea mbali. Mita mbili kutoka kwenye transfoma zinafanya kazi kubwa kuliko shaba ya elfu mbili.

Tukiwa hapo: simu isiwe juu ya ampu. Ule mlio wa dit-dit-dit kabla simu haijalia ni simu inavyozungumza na mnara kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na ampu inavisikia.

FundiWayaMajengo

Niongeze moja. Nimeletewa nyaya za gita zilizotengenezwa kwa waya wa spika, ule wa nyuzi mbili zilizolala sambamba. Plagi za jeki zinang'aa, ndani hakuna wavu. Waya wa namna hiyo kati ya gita na ampu utavuma hata ufanye nini. Na kinyume chake ni hatari: waya mwembamba wa gita ukiutumia kupeleka sauti kwenye spika unaweza kupata moto. Fungua kichwa cha plagi utazame, lazima uone uzi mmoja katikati na wavu wa shaba umeuzunguka.

BesiLikoni (Jumatatu)

Mvumo umekwisha, nimeufunga ukurasa huo. Sasa ule mkwaruzo. Jana usiku ulinijia mara tatu. Nimetingisha waya kwenye gita: hakuna kitu. Nimetingisha kwenye ampu: hakuna kitu. Nimepiga ampu kofi juu, sauti ikarudi.

Fundi_Tudor

Kofi limekwambia ni kiungo, si ubao. Angalia nyuma ya ampu, kuna matundu mawili ya jeki yameandikwa SEND na RETURN?

BesiLikoni

Yapo. Sijawahi kuyatumia hata siku moja.

Fundi_Tudor

Ndiyo tatizo lenyewe, mwanangu, hujawahi kuyatumia. Sauti yako yote inapita hapo. Ndani ya tundu la RETURN kuna kijibati kinachogusa kingine pasipokuwa na plagi, na sauti inapita kwenye huo mguso mdogo, si mkubwa kuliko kichwa cha kiberiti. Kwa hewa ya Mombasa, chumvi na unyevu miaka minne bila kuguswa, kijibati kinaota kutu nyepesi usiyoiona. Sauti inakatika, unapiga kofi, kinagusa tena.

Chukua waya mfupi wa pedali, chomeka SEND mwisho mmoja na RETURN mwisho wa pili. Unakuwa umekipita hicho kijibati. Piga nusu saa.

BesiLikoni (Jumatatu, saa 4 usiku)

Nimepiga saa nzima. Haijakatika hata mara moja. Nimeondoa waya, dakika kumi hazikufika, krr.

Fundi_Tudor

Umelipata. Zima, chomoa ukutani. Nunua spreyi ya kusafishia kontakti, ile inayokauka yenyewe. Usitumie mafuta ya kulegezea nati zenye kutu, yanaacha utando na vumbi linakaa humo. Pulizia plagi ya jeki, siyo kumimina ndani, kisha ingiza na kutoa kwenye RETURN mara kumi na tano hivi. Fanya hivyo kwa tundu la kuingizia pia. Volumu zikikwaruza ukizizungusha, pulizia kidogo kwenye kitundu chake na uzizungushe mwisho hadi mwisho. Acha ikauke kabla ya kuwasha.

BesiLikoni (Jumanne)

Nimefanya. Mara ya kwanza plagi ilitoka na doa la kijani kibichi kama sarafu iliyookotwa ufukweni. Nikapangusa kwa kitambaa cheupe, nikarudia. Mara ya pili doa jeusi. Mara ya sita kitambaa kilikuwa hakichafuki tena. Nikaendelea mpaka kumi na tano kwa sababu ami amesema kumi na tano. Nimepiga tangu asubuhi bila kukatika.

Hiyo spreyi ni bei ya nauli ya siku mbili. Na niliambiwa nitafute ampu nyingine.

BesiNyeupe_Changamwe

Maneno kama hayo yanaumiza. Mtu hutoa mkopo wa chama kwa sababu ya kijibati.

BesiLikoni

Kweli dada. Imebaki moja, ule mtetemo. Nimeutafuta kwa noti: uzi wa D, freti ya tatu, ile F. Noti za jirani zinakuja kidogo, F inakuja yote. Nimekaza skrubu zote za wavu wa mbele, mishikio, miguu ya mpira. Bado. Naogopa ni spika imechanika.

Fundi_Tudor

Spika ikichanika au koili yake ikikwaruza, haichagui noti moja, inaharibu nyingi na zaidi ukipiga kwa nguvu. Ampu ikiwa imezimwa, weka vidole vitano vimetandazwa sawa kwenye koni, isukume polepole ndani. Ukihisi mchanga, koili inakwaruza. Ikiwa laini, spika ni nzima.

Kisha fanya hivi: bebeni ampu, itoeni nje uani, piga F.

BesiLikoni (Jumatano)

Koni ni laini. Tumeitoa uani mimi na ndugu yangu. Nimepiga F kwa nguvu zangu zote. Hakuna mtetemo. Safi kama kengele.

Tukairudisha chumbani, ikaanza. Ndugu yangu akapita akigusa kitu kimoja kimoja huku mimi nashikilia F: kabati, fremu ya picha, beseni juu ya kabati. Alipoweka kiganja kwenye dirisha, kimya. Ni vile vioo vya luva, kimoja kimelegea kwenye mshikio wake. Tumekunja kipande cha karatasi tukakibana hapo. Mwezi mzima nilikuwa nalaumu spika.

FundiWayaMajengo

Na ndiyo maana ulisema ni noti moja. Kila kioo kina noti yake. Harusini usishangae bati la turubai likiitika.

Fundi_Tudor

Kabla hujaenda Kisauni, jambo la mwisho. Ukitoa waya kutoka ampu kwenda kwenye miksa, na ampu imechomeka soketi ya huku na miksa ya kule, huenda ukasikia mvumo mpya. Ardhi zimekuwa mbili na waya wa sauti umeziunganisha, umeme mdogo unazunguka humo. Hapo ndipo watu hukimbilia kukata mguu wa plagi. Usikate. Kwanza omba mchomeke pamoja, sehemu moja. Ikishindikana, karibu na tundu la kwenda kwenye miksa kuna kiswichi kimeandikwa LIFT. Kinakata pini ya kwanza ya waya wa sauti tu. Ardhi ya plagi inabaki mahali pake.

BangoMtwapa (Alhamisi)

Ami, ampu ya mjomba imefunguliwa leo. Kapasita mbili kubwa, moja imevimba kichwa kama mkate wa mofa na ya pili imevuja chini. Fundi amezibadilisha mbele yangu. Nimekuja nyumbani, nimeweka sikio kwenye spika, volumu sifuri. Nasikia kunguru wa nje. Mjomba angekuwepo angefurahi sana, alikuwa anasema hii ampu inakoroma kwa uzee.

BesiLikoni (Jumapili)

Nimerudi jamani. Harusi ilikuwa uwanjani, miksa imewekwa kwenye jenereta na jukwaa limevutiwa stima ya nyumba. Mtu wa miksa alipochomeka waya wangu, vuuuum kwenye spika zote, na bwana harusi yuko njiani. Akanambia, "Kata ethi, kaka, tuanze." Nikamwambia ngoja. Nikainama nyuma ya ampu, nikakisukuma kile kiswichi kwa kucha. Mvumo ukakatika kama umezibwa mdomo. Akaniuliza nimefanya nini, nikamwonyesha, akakitazama kwa tochi ya simu. Kumbe kwenye boksi lake mwenyewe la kuunganishia gita kipo, hakuwahi kukigusa.

Tumepiga mpaka saa 8 usiku, haikukatika.

Ile spreyi imebaki zaidi ya nusu kopo. Aliye Likoni au anayevuka na feri, mwenye ampu iliyokaa muda mrefu bila kuguswa matundu yake ya nyuma, aniandikie humu tuonane. Waya mfupi wa kupimia pia ninao.